Sauti Iliyofagiwa

Koleo likivunjika, mhunzi ana haki ya kulia. Wahenga hawakumkataza kulia. Walichomkataza ni kuzima moto na kufunga karakana. Methali yao watu huitamka upesi upesi, hasa wanapomfariji mtu mwingine. Ngoja koleo likuvunjikie wewe mwenyewe mkononi, ndipo utajua kama unaiamini.

Mwalimu Pima hakuwa mhunzi, alikuwa seremala. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi wa chuo cha ufundi kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila kuwaambia wapime. Pima kwanza, pima tena, ukishapima niite nije nipime. Alikuwa amefundisha katika karakana ileile tangu nywele zake zikiwa nyeusi tititi. Madirisha yake yalikuwa na vumbi la mbao lisilokubali kufutwa, na meza yake ya kazi ilikuwa imelika ukingoni, pale alipozoea kuegemea. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua msumeno akakata, wanafunzi wakaona, basi. Mikono yake ndiyo iliyokuwa kitabu chao.

Kisha mikono hiyo ikaanza kumsaliti. Kwanza kikombe cha chai kiligongagonga kwenye kisahani, akasingizia baridi. Baadaye penseli ikawa inatoka nje ya mstari. Daktari alimwambia ukweli bila kumzungusha: kutetemeka huko hakutamuua, ila hakutapona. Siku moja, mbele ya darasa zima, patasi ikamteleza ikamchana kidole gumba. Damu ilidondoka juu ya mbao.

Mkuu wa chuo alikuwa muungwana, lakini alikuwa na chuo cha kuendesha. Alimwita ofisini, akamkalisha, akamuulizia hali ya nyumbani, akakohoa kidogo, ndipo akasema. Muhula ujao Mwalimu Pima angehamishiwa stoo, awe anagawa vifaa na kuvipokea. Mshahara haungeguswa. Mwalimu Pima alijiona amekaa nyuma ya dirisha la wavu akiwakabidhi wengine randa na misumeno, huku karakana ikinguruma ng'ambo ya ukuta bila yeye. Uso ulimshuka. Aliomba jambo moja tu: muhula usiishe kabla hajawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza somo la kiungo, lile la kuchonga ulimi kwenye mbao moja na tundu kwenye nyingine, zishikane bila msumari wala gundi. Mkuu mwenyewe aje avivute viungo hivyo. Vikishika, abaki darasani. Visiposhika, ataufuata ufunguo wa stoo kwa miguu yake.

"Na utawaonyesha kwa nini, mwalimu?" mkuu aliuliza, macho yakiwa kwenye kile kidole kilichofungwa bandeji.

"Kwa mikono yangu," alijibu. "Ila ile ya zamani."

Mikono ya zamani ilikuwa nyumbani, ndani ya mkebe wa biskuti. Hapo kale, yeye na mkewe wakiwa bado maharusi, shemeji yake aliyeishi mbali alitaka kujifunza useremala. Waliazima kamera ya video. Mume alifanya kazi uani, mke akaibeba kamera begani akimpiga picha, na kanda zikasafirishwa. Shemeji alijifunza, akawa fundi wa watu, akazirudisha na salamu. Mke, ambaye alikuwa fundi cherehani, alizitia kwenye mkebe pamoja na vifungo na zipu. Humo zilizeeka, hakuna aliyezikumbuka.

Studio ya jirani iliwahamishia kanda hizo kwenye kompyuta ndogo aliyowaachia binti yao wa kwanza alipoolewa. Mwalimu Pima alipozifungua, alisahau hata shida iliyompeleka huko. Ua wa nyumba yao ya kwanza ulikuwa pale pale, na ukuta wake uliobanduka rangi na kamba ya nguo iliyolegea katikati. Mfuniko wa sufuria ulianguka mahali fulani ndani. Mtoto alilia, ndiye yule binti, ambaye sasa ana wanawe wanaolia. Na katikati ya picha kulikuwa na mikono miwili iliyotulia kama maji mtungini, ikisukuma randa, na maganda ya mbao yakijikunja na kuanguka. Aliitazama mikono ile kwa wivu. Mkewe alikuja kusimama nyuma yake, futi ya kitambaa ikimning'inia shingoni.

"Kumbe ulikuwa kijana wa kutazamika," alisema. "Na mimi miaka yote nadhani nilikuhurumia tu."

Walicheka mpaka wakafuta machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Kazi sasa ilikuwa kuzipunguza zile kanda ndefu ziwe somo moja. Binti yao alikuwa ameacha humo programu ya kuhariri video, na Mwalimu Pima alikata shauri kujifundisha mwenyewe. Mwanzoni alikiona cha mtema kuni. Alikishika kipanya kama randa, akakisukuma mpaka kikaanguka upande wa pili wa meza. Vijana wa kwenye mtandao waliofundisha programu hiyo walisema upesi utadhani wanafukuzwa, na kila alipowasimamisha, mkono ulitetemeka akajikuta amewarudisha mwanzo. Mkewe alimtazama siku ya kwanza, akamtazama siku ya pili, kisha akashona kamto kadogo akakajaza mabaki ya vitambaa. Alikaweka chini ya kifundo cha mkono wa mumewe. Mkono ulitulia, si sana, lakini wa kutosha kubonyeza pale alipotaka.

Kidogo kidogo akaanza kuelewa. Video ilikuwa imelala chini ya kioo kama mbao ndefu juu ya meza. Unaipima, unaikata, unaondoa ubovu, unaunga. Kumbe ni useremala! Kilichomfurahisha kuliko vyote ni kitufe cha kutendua. Maisha yake yote hakuwahi kuona mbao iliyokatwa vibaya ikikubali kurudi ilivyokuwa. Humu ilirudi, tena bila kinyongo. Alikata na kutendua, akakata na kutendua, akicheka peke yake kama mtoto aliyepewa filimbi.

Basi akasafisha. Alitaka somo lake liwe laini kama meza iliyopigwa vanishi. Aliondoa kilio cha mtoto, akaondoa mfuniko wa sufuria. Sauti ya mkewe nayo ilikuwa kila mahali, maana mama huyu alipokuwa nyuma ya kamera hakunyamaza. Kila baada ya muda mfupi aliuliza hiki na kile, na mume wa ndani ya kanda aliinua kichwa akamjibu. Mwalimu Pima aliyaona mazungumzo hayo kuwa ni mafundo kwenye mbao. Akayakata yote, akaweka muziki mwororo mahali pake. Halafu, kama fundi yeyote mwenye adabu amalizapo kazi, akafagia karakana: nakala zote za kanda nzima alizopewa na studio alizifuta kwenye kompyuta, akabakiza ile kazi iliyokamilika peke yake.

Alimwita mkewe aione. Mama alivaa miwani, akatazama mpaka mwisho.

"Na mimi niko wapi?" aliuliza.

"Wewe hukuwa kwenye picha, mama. Zilikuwa kelele tu."

Alisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mama alivua miwani, akarudi kwenye cherehani, akashona mshono mrefu sana bila kuinua macho. Jioni ile chai ilikuja na sukari ya kutosha, lakini haikuja na maneno.

Siku ya somo wanafunzi walizima taa wakaitazama video iliyomulikwa ukutani. Hawakuamini kwamba yule kijana mwenye mikono ya ajabu alikuwa mwalimu wao. Walipiga makofi. Mwalimu Pima alivimba kichwa kidogo, nani asingevimba? Kisha wakaenda kwenye meza zao, na mambo yakaenda mrama. Mmoja baada ya mwingine walisukuma patasi kutoka juu mpaka ikatokea chini, na kila ilipotokea ilibomoa uso wa mbao upande wa pili, vibanzi vikaruka. Rundo la mbao zilizobomoka lilipanda pembeni ya mlango. Mkuu wa chuo alipochungulia alilitazama rundo, akamtazama mwalimu, akasema kwa upole kwamba Jumatatu atakuja kupima kama walivyopatana. Upole ule ulimkata maini mwenzake kuliko karipio.

Mwalimu Pima aliokota mbao moja akaigeuzageuza. Mbona alikuwa amewaonyesha kila kitu? Alirudi kwenye video akaitazama kwa macho ya mtu asiyejua, na alipofika kwenye tundu akasogeza uso karibu na kioo. Patasi iliingia juu, muziki ukalia, na mara tundu lilikuwa limekwisha. Pale katikati hapakuwa na kitu. Akakumbuka. Hapo katikati ndipo mkewe alipouliza swali, na yeye alikuwa amelikata pamoja na jibu lake, pamoja na kile ambacho mikono ilikuwa ikifanya wakati wa kujibu. Alijaribu kutendua. Programu haikuwa na la kutendua, kwa kuwa alikuwa amefagia.

Alikwenda nyumbani polepole kuliko kawaida yake. Mkewe alikuwa akipinda pindo la sketi. Mwalimu Pima hakukaa, alisimama mbele ya cherehani kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Mke wangu, nilikuita kelele," alisema. "Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unafundisha. Nimekukosea, na sauti yako nimeifuta."

Mama aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, kwa sababu pindo haliachwi katikati. Kisha akaufungua mkebe wa biskuti. Kanda zenyewe, alizozirudisha humo zilipotoka studio, zilikuwamo zote, chini ya zipu.

"Nyie maseremala mnafagia," alisema. "Mimi hata kipande cha kitambaa situpi."

Waliongozana studio wakanakili upya. Siku zote zilizobaki mama alivuta kiti chake karibu na kompyuta, akawa anamwambia wapi pa kukata na wapi pa kuacha. Alikuwa na jicho la mshono. Kipande kibaya alikiona kabla ya mumewe. Waligombana kidogo juu ya mfuniko wa sufuria, na mama akashinda, mfuniko ukabaki. Muziki ulikwenda zake.

Jumatatu mumewe alimwomba aende naye chuoni. Mama alisema hana nguo, jambo la ajabu kwa fundi cherehani, lakini akaenda. Alikaa nyuma kabisa, karibu na makopo ya vanishi, mtandio umemfunika nusu ya uso. Mkuu wa chuo alisimama mlangoni. Picha ikawaka ukutani, mtoto akalia, wanafunzi wakacheka. Patasi iliingia mpaka nusu ya unene wa mbao, na hapo yule kijana akaifungua jiriwa iliyoibana mbao, akaipindua mbao hiyo. Sauti changa ya mwanamke ikajaa karakana nzima.

"Mbona unaigeuza? Si ungemalizia upande huohuo?"

Mwalimu Pima alisimamisha picha. Alilirudia swali la mkewe kwa wanafunzi, kisha akawasubiri, mkono wake wa kulia ukitetemeka wazi mbele yao bila kufichwa mfukoni. Walifikiri. Waliyatazama mabaki ya wiki iliyopita. Mwishoni binti mmoja wa meza ya kati akasema kwamba patasi ikitoka mpaka chini inabomoa uso, basi ni heri uanze huku, umalizie kule, pande mbili zikutane katikati. Hapo ndipo mwalimu alipoiachia picha, na kijana wa zamani akatoa jibu hilohilo. Wakaendelea hivyo, swali kwa swali. Kila alichouliza mama miaka ile ndicho walichotaka kuuliza wao.

Wanafunzi walipomaliza kuchonga, mkuu wa chuo alivua koti. Alivuta kiungo cha kwanza, kikashika. Alivuta cha pili akiwa ameng'ata meno. Alivivuta vyote mpaka jasho likamtoka, na vile vilivyolegea, maana havikosekani, vilikuwa vya kurekebisha, si vya kutupa. Alifuta uso, akamuuliza Mwalimu Pima ni mwanamke gani huyo anayeuliza maswali ndani ya video.

"Mwalimu mwenzangu," alijibu, akimwonyesha kwa ule mkono unaotetemeka.

Darasa zima liligeuka. Mama aliuvuta mtandio mpaka machoni, lakini mabega yake yalionyesha kwamba anacheka, au analia, au yote mawili. Mkuu hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba stoo itatafutiwa mtu mwingine, na kwamba somo la randa nalo angependa kuliona muhula ujao, sauti zote zikiwemo.

Waliporudi nyumbani mama aliweka chai mbele ya mumewe. Kikombe kiligongagonga kwenye kisahani kama kawaida, na safari hii hakusingizia baridi. Alikunywa, akavuta kompyuta, akaweka mkono juu ya kale kamto, na mkewe akasogeza kiti. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.