Mwanga wa Bwana Shekilindi

Bwana Shekilindi, mgombea uenyekiti wa kijiji, aliingiza pikapu yake kwenye kibanda cha gereji ya Fundi Mwantumu.

"Nifungie taa za LED bure, au uhame kwenye kiwanja changu leo!"

"Haya, mheshimiwa. Ila andika unachotaka, nisije nikakosea. Taa za zamani zina nini?"

"Mwanga wake umenichosha!"

"Andika. Sasa unataka mwanga wa mchana?"

"Wa kufanya kazi usiku, mjinga wewe! Mkali, watu wafumbe macho!"

"Andika hivyo hivyo, na sahihi."

Akaandika, akasaini. Taa zikafungwa, zikawaka hadi kuku wakatawanyika.

"Safi," alisema Shekilindi. "Sasa kusanya spana zako, uhame vilevile."

"Sawa, baba. Nikipita sokoni nitawabandikia wapiga kura hii karatasi." Akaisoma: "Mimi Shekilindi nimechoshwa na mwanga wangu wa zamani. Natafuta mwanga mkali, wa kufanya kazi usiku, watu wafumbe macho."

Shekilindi akatoa macho. "Watasema natafuta mchawi! Mbona gari halimo?"

"Hukuliandika, baba."

"Nipe hiyo karatasi, mama! Kaa hapa hapa, nani kakwambia uhame?"

"Utaipata uchaguzi ukipita. Ila kibanda kinavuja pale kwenye kona."