Fisi Alivyotibiwa Kiuno Msibani

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa bado wakizikana kama watu, alifariki Mama Digidigi. Aliacha binti mmoja tu, Kidawa. Walilala wawili, akaamka mmoja.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Kaburi liliachwa udongo mtupu mpaka siku ya kuanua matanga, ndipo waombolezaji wote walipokwenda mtoni kubeba mawe ya kulifunika. Tena mfiwa hakuruhusiwa kumfukuza aliyekuja kumpa pole, hata angekuwa nani.

Basi Fisi naye akaja. Alilia kuliko wote, uuu-wii, uuu-wii, mpaka wageni wakadhani ni ndugu wa marehemu. Kidawa hakudanganyika. Alimwona anavyoutazama ule udongo laini huku mate yakimdondoka, to, to, to.

Siku ya mawe ikafika. Fisi akajishika kiuno, akasema uzee umemwingia, mgongo unauma, mawe hayawezi. Afadhali abaki alinde kaburi. Wazee wale, sijui akili zao walizisahau wapi, wakamshukuru na kwenda zao. Kidawa alibaki, maana mfiwa habebi mawe. Alikuwa mdogo, hafiki hata goti la Fisi. Aliogopa sana. Mama yake angefukuliwa na kuliwa, naye akiona kwa macho yake.

Akafuta machozi, akamsogelea.

"Shikamoo, mjomba. Kiuno kinakuuma kweli?"

"Marahaba, mwanangu. Kinaniua."

"Basi nikutibu. Ukining'inia miguu juu, kichwa chini, kiuno kinanyooka. Damu inashuka kichwani, na mawazo yanakuwa mepesi. Muulize shangazi Popo. Tangu azaliwe hajui maumivu ya mgongo."

Popo alikuwa amening'inia kwenye mti ulioinamia kaburi. Akaitikia kwamba ni kweli, tena usingizi wa namna hiyo ni mtamu. Fisi akaguna. Angekataaje, na Popo anasikia? Wazee wangeambiwa kwamba kiuno chake hakina ugonjwa wowote. Akasema labda baadaye, akishapumzika.

"Sawa, mjomba," Kidawa akasema kwa upole. "Ila inafaa kabla ya kula. Tumbo nalo linanyooka. Mtu akishuka hapo, anakula maradufu."

Fisi akalala chali mwenyewe, akainua miguu.

Kidawa akaichukua kamba iliyomshusha mama yake kaburini. Akamfunga Fisi miguu ya nyuma, akairusha kamba juu ya tawi na kumpa ncha yake. Fisi, kwa pupa yake, akajivuta mwenyewe. Tawi likalia nyiii, nyiii, mpaka akaning'inia. Kidawa akaikaza kamba kwenye shina.

"Unajisikiaje, mjomba?"

"Mwepesi kabisa. Haya, nishushe, nina njaa."

"Bado kidogo. Dawa haijaingia."

Fisi akasubiri. Akaomba, akabembeleza, kisha akatukana matusi ambayo siwezi kuwasimulia ninyi. Kidawa alikaa juu ya kaburi, mkono wake mmoja ukiushika udongo, hadi waombolezaji waliporudi. Mawe yakapangwa moja baada ya jingine, kuh, kuh, kuh, na Fisi akitazama yote hayo kichwa chini.

Walipomuuliza anafanya nini juu ya mti, akasema anatibiwa. Wakamfungua. Akaanguka, pu! Akainuka na kutimua mbio mpaka ng'ambo ya bonde, bila kujishika kiuno hata mara moja.

Msiba mzima ukacheka. Kidawa naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mama yake alipenda mno visa vya Fisi, na hiki kilishinda vyote. Kwa hiyo akageuka, akakimbia nyumbani akamsimulie.

"Mama, umesikia Fisi leo..."

Jiko lilikuwa la baridi. Kanga ya mama ilikuwa imekunjwa juu ya kitanda. Kidawa akakaa mlangoni, akalia kilio ambacho hakuwa amekilia siku zote zile za matanga.

Wajukuu zangu, ujanja unaweza kumlinda mama kaburini, lakini hauwezi kumrudisha nyumbani.