Kobe Aliyeacha Maji

Palikuwa na mwanamume mmoja, wapendwa, aliyeishi kando ya mto usio na maji. Ninyi wa huku mnaujua mto wa namna hiyo. Mwaka mzima ni mchanga mtupu, mbuzi wanaukatiza wanavyotaka, na ukitaka maji unachimba.

Watu wa kijiji chake walikuwa na desturi. Mchimbaji akishazama shimoni hadi kichwa hakionekani, ndugu yake husimama mdomoni mwa shimo na kuimba. Haimbi kwa furaha, msidhani. Anatazama kuta za mchanga, anatazama mto unakotoka, na anaimba ili aliye chini ajue kwamba juu kuna macho na hali ni salama. Wimbo ukikatika, wa chini hutupa jembe akapanda mbio bila kuuliza. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao, na watoto waliijua kabla ya kujua kuhesabu.

Kiangazi kimoja kikali bwana huyu alikuwa juu akiimba. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa chini akichimba. Mke wa bwana alikuwa akivuta ndoo za mchanga kwa kamba. Na palikuwa na kobe. Kobe huyo hakuwa akitoka pale, kwa sababu maji ya kwanza, yale ya matope, humwagwa pembeni, naye huyanywa. Watu walimtania sana. Walimpigia makofi, walimpigia kelele, wala hageuki. Wakasema, kobe ni kiziwi, hana masikio.

Ni kweli hana masikio ya kusimama kama ya mbuzi. Ana ngozi tu ubavuni mwa kichwa. Makelele yetu mengi hayamshughulishi. Lakini mngurumo mzito, ule unaotembea ndani ya ardhi, humwingia kwa miguu na kwa gamba mpaka kichwani. Shikeni hilo, nitalirudia.

Basi ilikuwa mchana, jua linachoma, mbingu hazina hata wingu. Ndoo ya kwanza yenye unyevu ikatoka. Mke akamwaga yale maji machafu. Kobe akasogea, akanyoosha shingo anywe. Ghafla akairudisha ndani. Akatulia kimya. Halafu akageuka, akaanza kupanda ukingo wa mto, na maji akayaacha nyuma. Mnyama ana kiu, na anayaacha maji! Ingekuwa ni wewe, ungejiuliza nini?

Mke akaiweka ndoo chini. "Baba watoto, mtazame kobe."

Mume alikuwa katikati ya ubeti. Akaumaliza kwanza, kisha akajibu upesi upesi, "Kobe hana masikio. Amesikia nini?"

"Nyamaza kidogo tusikilize."

"Nikinyamaza, mdogo wangu atapanda. Akipanda, mchanga utaporomoka ujaze shimo, na mifugo italala na kiu tena. Tazama juu! Mvua iko wapi?" Akaendelea kuimba, tena kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba anagombana na mtu.

Msimwone mbaya. Alikuwa na mbuzi wenye kiu na mbingu safi juu yake, na alikuwa akifanya kazi aliyopewa na wazee wake.

Mke akavua viatu. Akasimama mchangani miguu mitupu. Mwanzoni hakuhisi kitu ila moto wa mchanga. Kisha nyayo zikapokea mtetemo mdogo, kama wa kinu kinachotwangwa nyumba ya pili. Hakubishana tena. Alimrukia mumewe akamziba mdomo kwa kiganja chenye matope. Mke, kumziba mume mdomo, na majirani wako ng'ambo wanatazama! Mume akaukamata mkono ule auondoe, macho yamemtoka kwa hasira. Lakini wimbo ulikuwa umeshakatika.

Chini shimoni jembe likaanguka. Kamba ikakazika. Mume akasahau hasira, akaidaka, wakavuta wote wawili. Kichwa cha kijana kikatokea, kimejaa mchanga. Wakamshika kwapani, wakapanda ukingo kwa magoti na kwa kucha. Hapo ndipo walipousikia ule mngurumo kwa masikio. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali na macho yao. Maji yalishuka yamebeba miti mizima na mizizi yake, na shimo likafutika hapo hapo.

Mume aliketi chini akalia bila kujificha. "Ningekuua, mdogo wangu. Ningemwambia nini mama? Huko chini hukusikia chochote?"

Kijana akatema mchanga. "Nilisikia, kaka. Nilisikia mapema. Nilikuwa nimeegemea ukuta, na ukuta ulikuwa unatetemeka mgongoni mwangu."

"Sasa mbona hukupanda?"

"Ulikuwa unaimba."

Wapendwa, tunapenda sana kuwaambia vijana kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alilisikia la mkuu, na nusura afe.

Mlidhani nitawauliza kama mnasikia kama kobe. Sivyo. Aliye shimoni anasikia, mgongo wake umeshamwambia. Mimi nawauliza sisi tulio juu: tunaimba nini? Yuko binti anayejua kwamba nyumba aliyoolewa si salama. Anakuja hapa kanisani na jicho limevimba, anasema ameligonga mlangoni. Nasi tunasema pole, tunageukia pambio. Anatusikia tukiimba amani, amani, anajiambia, wazee wangu wanaona mbali, kungekuwa na hatari wangenyamaza. Anarudi nyumbani, anashika jembe. Nani alimrudisha, kama si sisi kwa sauti zetu nzuri?

Na yule anayejaribu kutuziba mdomo, tunamwita mkorofi. Mama mmoja akisimama kwenye kikao aseme, "jamani, kwa fulani hakuko sawa," tunamwambia akae, asituharibie ibada. Mikono yenye matope hatuitaki hapa. Nakasirika nikilisema hili, na nina haki ya kukasirika, maana maji yakija hayatuulizi tulikuwa ubeti wa ngapi.

Kwaya mlikuwa na wimbo wa kufunga. Najua mmeufanyia mazoezi. Kaeni. Fundi, zima vipaza sauti. Anayeweza kuvua viatu na avue, akanyage sakafu. Leo hatufungi kwa wimbo. Tutakaa kimya hivi hivi, wote, mpaka aliye shimoni atusikie tumenyamaza. Na kichwa chake kikitokea, ndugu zangu, mikono iwe tayari.