Baraza Inayotazama Ukuta

Baraza zote za mji huu hutazama njia. Mtu hukaa ili aone na aonekane, na mpita njia asiyesalimu huanza kusemwa kabla hajafika kona. Moja tu ndiyo imegeuka. Iko kwenye ua wa wafua shaba, katikati ya maghorofa mawili, kando ya kisima kilichozibwa, nayo imetazama ukuta mtupu na kuupa mji kisogo. Nyinyi mliozaliwa ghorofani mnasema fundi alikosea vipimo. Hakukosea. Tulieni niwaambie.

Mji ulikuwa mkubwa tayari, ila ghorofa lilikuwa bado ni jambo la kusimuliwa na wasafiri. Kelele zilikuwapo, na kelele tamu: wachukuzi wakiomba njia, wauza kahawa wakigonganisha vikombe, na wafua shaba wakigonga masufuria tangu jua linachomoza. Siku hizi nikisikia honi nazikumbuka nyundo zile, na moyo huniuma. Lakini kimya hakikuwa na kwao. Mtu akionekana kaketi peke yake alihesabiwa mgonjwa, au mfiwa, au ana lake jambo, na kila mwenye adabu alimwendea kumjulia hali.

Siku hizo aliishi mkunga mmoja, Bi Mize, aliyekuwa amepokea nusu ya mji kwa mikono yake. Asiyemwita bibi alimwita mama. Salamu aliyopewa haikuwa ya kupita. Iliuliza nyumba, watoto, jamaa wa shamba, mpaka mbuzi, halafu ndipo msalimu alipotoa lililomleta: bibi, na hiki kiuno changu? Alikwenda kununua chumvi asubuhi akarudi adhuhuri, na chumvi kaisahau. Wala hakulalamika. Aliwapenda watu wale, na kupendwa kulimkolea.

Ikaja masika moja, uzazi ukafuatana na uzazi, usiku na mchana. Siku moja alikuwa akimimina uji, bakuli likamcheza mkononi. Alidhani ni njaa. Kesho yake likacheza tena, na keshokutwa. Bi Mize akaificha mikono chini ya kanga, asimwambie mtu, kwani mkunga ni mikono.

Na hapo Zaituni, binti wa Fundi Mbaruku mkuu wa wafua shaba, alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za mwanzo ziliishia kaburini. Hii ya tatu ilikuwa imekingama tumboni, na katika mji mzima aliyejua kumgeuza mtoto kwa viganja, polepole, kwa kumsikiliza, alikuwa Bi Mize peke yake. Zilibaki siku zisizofika kumi na mbili. Alijua vizuri kwamba kwa mikono ile angewapoteza wote wawili. Dawa yake aliijua pia: apumzike. Ila apumzike wapi?

Alijifungia ndani. Majirani wakangoja mpaka saa nne, wakauvunja mlango kwa huruma, wakaingia na uji, wakakaa naye kutwa. Akaenda makaburini, akijua wafu hawaulizi habari. Mwanamke mmoja alimwona kule, akampa pole, akapeleka habari mjini. Bi Mize aliporudi alikuta mikeka imetandikwa mlangoni pake, mchele umeletwa, wanawake wanalia, na hakuna aliyejua nani kafa. Ikabidi awapikie.

Siku ya tatu alikwenda kumtazama Zaituni. Alipotoka alipita uani kwa wafua shaba, akaketi juu ya gogo kando ya kisima afunge kiatu. Nyundo arobaini zilikuwa zinagonga. Mafundi walimwona, wakafungua midomo kumsalimu, wakaona hawasikiki, wakainua nyundo kidogo na kuendelea na kazi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Bi Mize alifunga kiatu kile kwa muda mrefu sana. Mabega yalimshuka, akasikia pumzi yake mwenyewe ikiingia na kutoka. Kumbe kilichomchosha hakikuwa kelele.

Kesho yake alirudi. Lakini siku hiyo Fundi Mbaruku alikuwapo, amerejea safari ya kununua shaba. Alipoona mtu mzima ameketi uani kwake bila kusalimiwa, aibu ilimshika. Huyu alikuwa mtu ambaye baba yake aliwahi kumnunia nduguye mwaka mzima kwa shikamoo moja iliyosahauliwa. Akainua mkono. Nyundo zote zikanyamaza. Mafundi wakapanga mstari waje mmoja mmoja, kila mtu na salamu zake na maradhi yake, Mbaruku akiwa mbele.

Bi Mize akalia. Mtu aliyetuliza vilio vya mji mzima alilia mbele ya mafundi arobaini.

"Mbaruku mwanangu, nakuomba usinisalimu," alisema, akaitoa mikono chini ya kanga, wakaiona inavyotikisika. "Mikono hii ndiyo ya kumgeuza mjukuu wako. Ukinisalimu leo, wiki ijayo mimi na wewe tutapeana pole."

Shikamoo ilikuwa imeshamfika Mbaruku kooni. Akaimeza. Alimwomba kwa ishara ainuke kidogo, akalishika gogo, akaligeuza ili anayeketi autazame ukuta na kuwapa watu kisogo. Alijua desturi yetu: sisi husalimu uso, hatusalimu kisogo. Kisha akawaashiria mafundi, na nyundo zikaanza tena.

Habari ilienea mtaani, safari hii kwa kunong'onezana. Waliopita walipita wakiuma midomo. Walikuwapo waliozunguka mtaa wa pili, maana hawakujiamini. Kila siku Bi Mize alikuja, akaketi, akautazama ukuta. Siku ya tano ya kukaa pale aliweza kutunga uzi kwenye sindano. Siku ya saba, asubuhi, aliingia kwa Zaituni, akaweka viganja, na mtoto akageuka.

Siku mbili baadaye alizaliwa msichana, akalia mpaka nyundo zikakoma zenyewe. Bi Mize alitoka akiwa bado na maji mikononi, akaliendea gogo, akaketi akiupa mji kisogo. Mtaa mzima ulikuwa umejaa uani. Mbaruku alitaka kuujua uzima wa binti yake kuliko alivyotaka kuvuta pumzi, na neno moja tu lingemtosha. Hakuliuliza. Alisimama nyuma ya kile kisogo, akangoja.

Bibi alipotosheka aliinuka, akageuka. Uso ukaonekana.

"Shikamoo, bibi," alisema Mbaruku.

"Marahaba, mwanangu. Zaituni hajambo, na mwanawe hajambo."

Hapo salamu zilizowekwa siku zote zile zikamwagika. Alizipokea zote mpaka alasiri, nyumba kwa nyumba, mbuzi kwa mbuzi, na vile viuno navyo.

Ndipo Mbaruku akajenga baraza ya mawe mahali pa gogo, ikitazama vilevile. Na mpaka leo, katikati ya honi na mashine za ujenzi, anayeketi pale hasalimiwi, hata akiwa waziri, hata akiwa mkweo. Waendesha bodaboda huzima injini wakasukuma. Mji huu una watu wasio na idadi, na kila mmoja ana haki ya kuupa kisogo kwa muda wake.

Ila desturi ina nusu ya pili, kwamba akigeuka asalimiwe, na hiyo ndiyo mnayoiacha ipotee. Mafundi wamekwisha, na masufuria siku hizi yanatoka viwandani. Majuzi nilimwona kijana mgeni ameketi pale adhuhuri yote. Akainuka, akageuka, akatutazama usoni mmoja mmoja. Watu wakapita. Alisimama kidogo, kama anayengoja kitu asichokijua jina, kisha akaketi tena. Miguu yangu si ya kukimbia, wanangu, lakini nilifika, nikaketi kando yake kuutazama ukuta, mpaka alipoinuka mara ya pili, nami nikainuka, nikamuuliza habari za kwao.