Mkono wa Mlishwa

"Mkono wa mlishwa husahau kinywa." Ndiyo, nimesema mimi, na nitasema tena. Kijana mzima umejilaza mkekani, dada yako anakuchotea maji, anakushikisha kikombe, bado kidogo akunyweshe! Mnacheka? Haya, mmeniuliza methali hii imetoka wapi. Imetoka nyumbani kwetu, hapa hapa Kondoa. Sogeeni niwaambie ilivyoanza.

Mama yangu, Zaituni, alikuwa juu ya paa anaanika uwele. Zamani nyumba zetu zilikuwa za tembe, paa bapa la udongo, na ndiko tulikoanika nafaka. Mimi nilikuwa mchanga, hata kutambaa bado. Mama akateleza, akaanguka, kichwa kikagonga jiwe. Alipozinduka hospitali, upande wake wote wa kulia ulikuwa umelala, mkono na mguu, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja: "Sitaki." Ukimuuliza jina lake, sitaki. Ukimpa maji, sitaki, na huku anayanywa.

Siku ya kumtoa hospitali, daktari alimwambia bibi yangu mzaa mama, Bi Mwasiti, "Ubongo wake umeumia, haukufa. Mpe chakula cha maana: kunde, dagaa, karanga, mayai, mboga za majani. Vidonge hivi vya vitamini vitasaidia kidogo, lakini vidonge havimwinui mtu. Mwili lazima ufanye kazi, na mkono ule hasa. Siwezi kukuahidi kwamba atapona mwili wote."

Lakini desturi yetu mnaijua. Mkono wa kushoto hauingii kwenye sahani. Basi kwa kuwa wa kulia umelala na wa kushoto ni aibu, watu wakaona wema ni kumlisha. Kila aliyekuja kumjulia hali alinawa, akamnywesha uji vijiko viwili vitatu, akaondoka ameridhika na nafsi yake. Tena uji mwepesi kama maji ya kuoshea sufuria! Eti kichwa kilichoumia hakiwezi chakula kizito. Bibi naye aliwaachia, maana wageni ni wageni. Mama akakonda, mkono ukabaki unaning'inia, vidole vikaanza kujikunja.

Hapo ndipo shangazi yangu Tatu, dada wa baba, alipokuja na neno lake. "Kaka, asiyeweza kujilisha atamlishaje mtoto? Mavuno yakiisha nakuja kumchukua huyu mtoto, nikamlee kwangu."

Baba aliinamisha kichwa, akakubali. Msimlaumu sana, alikuwa amechoka.

Mama akapiga ukelele, "Sitaki!"

"Maskini," watu wakasema, "ndilo neno lake hilo." Bibi peke yake ndiye aliyemtazama machoni, akajua kwamba safari hii neno lilikuwa na maana yake.

Kesho yake Bibi alisimama mlangoni. "Anayekuja kumwona mwanangu alete karanga. Vidole vyake abaki navyo!" Na chakula kilipotengwa, alivua kanga yake ya kujitanda, akamfunga mama mkono wa kushoto kifuani, ili asipate pa kukimbilia ila kwenye ule uliolala.

Loo, majirani walivyomsema! "Mwasiti, unamtesa mgonjwa!"

"Semeni mtachoka," Bibi akawajibu. "Uchungu wa kumzaa niliupata mimi."

Mwanzo tonge liliangukia mapajani. Mama alilia, Bibi alilia kuliko yeye, lakini hakumlisha. Mama akishindwa kabisa, Bibi alimwinua kiwiko tu, tonge lenyewe akalishika mama. Kuku wetu walitaga, mayai yote yakaingia tumboni mwa mama. Asubuhi alitembea kuizunguka nyumba, bega ukutani. Halafu walisimama kwenye kinu, mchi mmoja, mikono minne, wakatwanga karanga za mboga. Kuna siku mama alitupa mchi, akasema, "Sitaki!" Bibi akaniweka miguuni pa mama. Mama akaniangalia, kisha akauokota mchi.

Mavuno yakaisha, shangazi akaja na kanga mpya ya kunibebea. Watu wakakaa, ugali na mlenda vikaletwa. Shangazi, kwa mazoea yale yale, akanawa, akamega tonge, akalipeleka kinywani mwa mama.

Mama akafumba kinywa. "Sitaki."

"Bado na wimbo wake," shangazi akacheka.

Mama akanyoosha mkono wa kulia. Ulikuwa unatetemeka vibaya. Akamega tonge, akachovya. Na mlenda mnaujua unavyovutika! Ukamchirizika kidevuni, ukamwagika kifuani, lakini tonge likaingia, akatafuna, akameza. Akamega jingine dogo, akanilisha mimi. Halafu akamgeukia shangazi, akasaka neno mpaka jasho likamtoka.

"Mtoto," akasema. "Mtoto wangu."

Baba akaangua kilio pale pale mbele ya watu.

"Lakini mkono wenyewe unatetemeka!" shangazi akasema. "Tazameni alivyomchafua mtoto!"

"Utetemeke!" Bibi akasema. "Njia unaijua. Huruma yenu ilikuwa inausahaulisha. Mkono wa mlishwa husahau kinywa!"

Shangazi akakunja kanga yake, akaondoka nayo. Mimi nikabaki.

Mama hakupona mwili wote. Mguu aliuburuta hadi anazikwa, na majina ya watu yalimpotea kila siku. Lakini ugali wa nyumba hii aliusonga mwenyewe, na mimi nilikua mgongoni mwake.

Kwa hiyo wewe kijana, usiniangalie hivyo. Mtungi ule pale na miguu unayo. Hapana binti, kaa wewe, usimwinukie! Mwache aende. Mkono wa mlishwa husahau kinywa.