Baba Aliyekuwa Akitengeneza Ruhusa

Wapendwa, wenye kompyuta nyumbani inueni mikono. Inueni tu, leo hakuna mchango. Haya, shusheni, nimewaona.

Kulikuwa na baba mmoja mstaafu aliyekuwa na kompyuta ya mezani, amekaa nayo miaka, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Aliitumia yeye na mkewe. Kila mmoja aliingia kwa jina lake na neno lake la siri, lakini maandishi yao yote waliyaweka kwenye folda moja, kama watu wa nyumba moja wanavyotumia kabati moja. Binti yao alikuwa anakaribia kuolewa, na mama alikuwa anaandika maneno atakayomwambia siku ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Mama huyu si msemaji. Akisimama mbele za watu, hata jina lake linampotea. Kwa hiyo aliandika polepole, akafuta, akaandika tena, na humo ndani aliweka yote ambayo hakuwahi kupata mdomo wa kumwambia mwanawe.

Asubuhi moja akawasha, akataka kuendelea, kompyuta ikamwambia: huna ruhusa ya kufungua faili hili.

"Baba, hebu njoo uone maajabu! Kitu changu mwenyewe naambiwa sina ruhusa!"

Baba akaja, miwani puani. Alikuwa na programu yake ndogo ya kurekebisha ruhusa, aliyowekewa na shemeji yake. Akaingia kwa jina lake, akabofya, mashine ikafikiri kidogo, ikajibu: ruhusa zimerekebishwa. Mama akarudi kwenye faili lake, likafunguka.

"Ahsante, mume wangu. Ningeolewa na mwingine, leo ningekuwa mgeni wa nani?"

Mnajua wanaume tunavyopenda kuambiwa hivyo? Baba yule siku nzima alitembea kifua mbele.

Kesho yake, huna ruhusa. Baba akarekebisha. Keshokutwa, huna ruhusa. Akarekebisha. Ikawa kama chai ya asubuhi. Jirani akibisha hodi anaambiwa, "Karibu ukae, namalizia kumrekebishia mama ruhusa." Akalaumu umeme. Akalaumu vumbi. Akasema mama anabonyeza kwa nguvu mno, kana kwamba anakanda unga wa chapati. Mwisho, sikilizeni hapa, akasema hii kompyuta ina pepo.

Akawaita watu wa jumuiya. Wakaja, wakaizunguka, wakaikemea. Mmoja akaweka mkono juu ya kioo, akapaza sauti: "Toka! Nasema toka!" Kompyuta ikazimika palepale. Wakashangilia: "Ametoka! Ametoka!" Kumbe mzee aliyesimama nyuma alikuwa amekanyaga waya.

Mnacheka. Na kesho yake asubuhi mama alikuta nini? Semeni. Naam. Huna ruhusa.

Ikafika siku ya kuamkia sendofu. Mama anataka maneno yake yachapishwe, na siku hiyo programu ya baba nayo imekwama, inazunguka tu, haisemi ndiyo wala hapana. Baba jasho linamtoka. Mama hakufoka. Alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Baba, jioni ukishamaliza kuandika vitu vyako, huwa unafanya nini kabla ya kuzima?"

"Mimi? Nafunga faili langu tu. Naandika hotuba yangu ya sendofu, sitaki mtu aione kabla ya siku yenyewe."

"Hebu nionyeshe unavyofunga."

Akamwonyesha. Wapendwa, yule baba hakuwa anafunga faili lake. Alikuwa anaikamata folda nzima, anachagua "mimi peke yangu," anabofya, halafu anakwenda zake kusikiliza taarifa ya habari. Jioni anafunga, asubuhi anafungua, na kwa kufungua anashukuriwa!

Mama alicheka mpaka akashika meza. Baba naye akacheka, ingawa aibu ilikuwa imemjaa. Wakaondoa lile kufuli, kila kitu kikafunguka. Hadithi ingeishia hapo, tungekwenda nyumbani kwa furaha. Lakini mama akasema, "Maadamu pako wazi, ngoja nisome na ya kwako."

Akasoma. Jinsi baba alivyohangaika na ada. Jinsi baba alivyompakia binti kwenye baiskeli mvua ikinyesha. Jinsi baba alivyokesha akiomba. Akasoma mpaka neno la mwisho, akamgeukia.

"Nzuri," akasema. "Ila mimi simo."

Sasa tuje kwetu sisi.

Kila Jumapili tunapiga magoti hapa: Bwana, rekebisha nyumba yangu. Naye anarekebisha. Jioni ya Jumatatu nani anaifunga tena? Pepo? Ndugu zangu, tunamkemea shetani kwa kazi ambayo siku hiyo wala hakuifanya! Baba yule hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mkewe na kila asubuhi alimsaidia. Lakini kusaidiwa kila siku na mtu yuleyule anayekufungia, hapo bado hujapendwa. Wangapi kati yetu tunawafungulia wake zetu, waume zetu, watoto wetu, milango tuliyoifunga wenyewe, kisha tunasimama kungoja ahsante? Na tunafunga kwa nini? Tunaogopa wataona nini? Wataona kwamba katika habari ya maisha yetu tumejiandika wenyewe tu. Inaniuma kulisema, lakini ni kweli.

Mtaniuliza, sendofu ilikuwaje? Mama alisoma maneno yake, na binti akalia mpaka wakamletea kitambaa cha pili. Baba alipoitwa, watu wakajiweka sawa kusikiliza hotuba ndefu, maana wanamfahamu. Akasimama mikono mitupu. Akasema, "Mama yake ndiye aliyemlea. Mimi nilisaidia." Akakaa.

Tusimame tuombe. Na wewe baba uliyekaa benchi la peke yako, mkeo yuko kule nyuma na watoto. Nenda kwanza, tutakusubiri.