Siku Wageni wa Kiboko Waliposema Tumekaribia

Paukwa!

Pakawa!

Nimewaletea mji.

Uweke chini tuuone!

Una vumbi.

Tutaufuta!

Haya, nauweka. Sogeeni. Na wewe uliyesimama mlangoni, ama ingia ama toka, upepo unanipiga mgongoni.

Zamani hizo wanyama walikuwa na mji wao, na katikati ya mji palikuwa na uwanja ulioitwa Kitovuni. Hapo ndipo palipokuwa na soko, na kisima, na ghala la mji. Asubuhi ukipita pale, masikio yanashiba kabla ya tumbo. Mkokoteni wa Punda, gwaragwara! gwaragwara! Nyundo ya Nungunungu mfua vyuma, kang! kang! Bi Kanga na wanawe, cherekecheche! Watu wakipigana vikumbo na kuombana radhi, wakipigana tena.

Kando ya uwanja waliishi Bi Kindi, mkaanga vitumbua, na mumewe Mzee Kindi. Bi Kindi alikuwa mdogo, ungeweza kumtia kwenye mkono wa kanzu na asionekane. Mzee Kindi macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo kazi yake ilikuwa moja tu, kukaa kibarazani na kuitikia salamu. Mji aliuona kwa masikio. Mtu akipita, hata kabla hajasema neno, mzee anamwambia, "Swala, mguu wa kushoto bado unauma?"

Basi siku moja Kiboko akatoka mtoni. Akaja mpaka Kitovuni, akakaa katikati ya uwanja, pwata! Akasema yeye ndiye mlinzi wa ghala. Nani angembishia?

Swala akaja na kikapu cha mchicha. Kiboko akasema, "Hebu. Naonja tu!" Gwap! Kikapu kitupu.

Punda akaja na mkungu wa ndizi. "Hebu. Naonja tu!" Gwap! Mkungu hakuna.

Bi Kanga akaja na gunia la mahindi. "Hebu. Naonja tu!" Gwap! Mahindi hakuna, na gunia hakuna.

Kilichozidi tumboni alikitia ghalani, akafunga, akalalia mlango. Wachuuzi wakaondoka mmoja mmoja, wakaenda kupanga vitu vyao kule mbali kando ya barabara kuu, kwenye jua na vumbi. Kitovuni pakanyamaza. Nyasi zikaota kwenye vizingiti. Buibui akafunga mlango wa kinyozi, na hakuna aliyemuuliza.

Mtoto wa Bi Kindi, Mashavu, naye alikuwa amehamia barabara kuu na mume wake. Akatuma neno: "Mama, Ijumaa nakuja na mkokoteni. Huko hakukaliki tena. Nakuchukua wewe na baba."

Mzee Kindi aliposikia, hakukataa. Afadhali angekataa. Aliacha tu kukaa kibarazani. Kisha akaacha kuzungumza. Kisha akaanza kusukuma sahani na kugeukia ukuta. Bi Kindi akamwangalia. Alijua kwamba akimpandisha kwenye mkokoteni ule, mumewe hatamaliza hata msimu mmoja huko.

Basi alifanya nini? Alichukua sufuria bovu, akatoka nje nyuma ya dirisha, akaliburuza chini, gwaragwara! Akachukua mfuniko, kang! kang! Akaita kwa mdomo wake, cherekecheche! Kisha akaingia ndani anahema, "Baba Mashavu, unasikia? Watu wameanza kurudi!"

Siku ya kwanza mzee akatabasamu. Siku ya pili akatabasamu, akanywa uji. Siku ya tatu akasema, "Mama Mashavu."

"Abee."

"Huyo punda wa leo mpe asali. Ana kikohozi kama chako."

Bi Kindi akaweka sufuria chini, akakaa hapo hapo sakafuni, akalia. Mzee akapapasa mpaka akaupata mkono wake. "Usilie, mke wangu. Ulikuwa punda mzuri."

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Sasa, msidhani mji ule haukuwa na wenye mawazo. Ilikuwapo Kamati ya Kufufua Kitovuni, na ilikutana kila Jumanne. Mwenyekiti alikuwa nani? Kiboko! Jumanne hiyo Bi Kindi akaenda, akakaa nyuma. Twiga akasema wajenge mnara mrefu, watu waje kuutazama. Tausi akasema wapake kuta rangi, na yeye akubaliwe kuzichagua rangi zote. Nyani akataka ngoma na mashindano ya kupanda nguzo. Kobe akasema lisifanywe jambo lolote mpaka yeye azunguke uwanja mara moja, aone hali ilivyo.

"Mawazo mazuri," akasema Kiboko. "Yaacheni hapa." Akayala maandazi ya wajumbe. Kikao kikafungwa.

Ndipo likaletwa sufuria la Kiboko. Sufuria hilo si la masihara, watu sita hulibeba. Wali wa nazi, maharage, mchicha, vyote kutoka ghala la mji. Kiboko akanawa, akapaza sauti uwanja mzima, "Karibuni! Karibuni chakula jamani!"

Na wote wakajibu kwa pamoja, "Ahsante Bwana Mkubwa, tumeshiba!" Matumbo yao, ngruuu.

Walijibu hivyo kwa sababu ndivyo walivyolelewa. Anayekula mbele za watu lazima akaribishe. Anayekaribishwa lazima ashukuru na kupita. Na Kiboko alilipenda jambo hilo kuliko wali wenyewe. "Mmeona?" akasema, punje zikimtoka mdomoni. "Yuko atakayeniita mchoyo? Kila siku nakaribisha. Hawataki wenyewe!"

Bi Kindi masikio yakamsimama.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda mbio mpaka barabara kuu, akamkuta Swala amepanga mchicha wake kwenye vumbi.

"Swala mwanangu, Kiboko amekukaribisha chakula mara ngapi?"

"Ah, mama, kila nikipita."

"Basi umechelewa sana. Kesho adhuhuri njoo Kitovuni. Akisema karibu, wewe sema, tumekaribia. Kisha nawa mikono."

Swala akashika mdomo. "Bi Kindi! Nikae nile kweli? Mama yangu atasemaje?"

"Mama yako mlete."

Akaenda kwa Punda, akamwambia hayo hayo. Akaenda kwa Bi Kanga, akamwambia hayo hayo. Akaenda kwa Nungunungu, akamwambia hayo hayo. Kobe ndiye aliyesumbua. Alifundishwa mpaka jua likaelekea kushuka. "Sema, tumekaribia." "Ahsante, nimesh..." "Kobe!" "Tume... ahsante, nimesh..." Adabu ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba.

Jumatano adhuhuri, Kiboko akanawa. "Karibuni! Karibuni chakula jamani!"

Bi Kindi akajitokeza. "Shikamoo Bwana Mkubwa. Tumekaribia."

Mkono wa Kiboko ukasimama hewani. "Umesemaje?"

"Tumekaribia," akasema Bi Kindi, huku ananawa. Akaketi ukingoni mwa sufuria, akamega.

"Tumekaribia," akasema Swala, na mama yake nyuma.

"Tumekaribia," akasema Punda.

"Tumekaribia!" wakasema Bi Kanga na wanawe kumi na wanne.

Kiboko angefanyaje? Akatae? Kesho mji mzima ungesema Kiboko mchoyo, anakaribisha kwa mdomo. Akacheka kicheko cha meno. "Hahaha, haya, kuleni, kuleni." Nyam, nyam, nyam. Walipokwisha kula, Kobe ndiyo kwanza anafika, akapaza sauti kwa furaha, "Tumekaribia!" Akakuta ukoko. Akala ukoko.

Alhamisi Kiboko akajifungia ghalani na sufuria lake. Bi Kindi akagonga. "Hodi! Bwana Mkubwa, mzima? Watu wanasema unakula umejifungia. Nimewaambia haiwezekani, si Kiboko ninayemjua mimi."

Kisha mlango ukafunguka, kriii. "Karibuni," ikasema sauti ndogo.

Siku hiyo walikuja wengi zaidi, kwa maana habari ya wali haina breki. Wakala, wakamshukuru, wakamwita karimu. Kiboko akainamia sufuria tupu, karibu alie. "Jamani! Ghala litakwisha! Kesho basi mje na chochote mikononi!"

"Hilo umelisema wewe," akasema Bi Kindi. "Mmesikia watu? Mwenyeji ameomba."

Ijumaa asubuhi wakaja. Swala na mchicha, Punda na ndizi na chumvi, Bi Kanga na mayai, Nungunungu na nyundo yake, maana sufuria lilikuwa limetoboka kwa kukwanguliwa. Kiboko akaona vikapu vinapita mbele yake, mate yakamtiririka. "Hebu. Naonja t..."

"Bwana Mkubwa!" Bi Kindi akamkatiza. "Mwenyeji anakula kabla ya wageni wake? Wewe, mtu mwenye jina?"

Watu wote wakageuka kumtazama. Kap! Kiboko akafunga mdomo.

Wakati wa kungoja chakula kiive, mikono haikutulia. "Punda, nipe chumvi kidogo, chukua mayai mawili." "Mchicha huo fungu moja unalibadilisha na nini?" "Nungunungu, na jembe langu litazame." Gwaragwara! Kang! Kang! Cherekecheche! Mtu akamng'oa buibui mlangoni kwa kinyozi, akakaa kwenye kiti, akaita, "Yuko wapi huyu bwana? Nywele zinanisumbua!"

Wakati huo Mashavu akafika na mkokoteni na kamba za kufungia mizigo. Akaingia nyumbani. Kitanda kitupu. Akatoka mbio, roho juu, "Baba! Baba!"

Babake alikuwa uwanjani. Alikuwa amejikokota mwenyewe kwa kushika ukuta, akafuata kelele, akaketi katikati ya watu, wali mashavuni, anaitikia salamu huku na huku. "Marahaba! Marahaba! Nyani, punguza mbio, utavunja mayai ya watu!"

"Baba," akasema Mashavu, "nimekuja kuwachukua."

"Mashavu! Karibu mwanangu, kaa." Akampapasa uso. "Lakini leo siwezi kuondoka. Nina wageni."

"Na kesho, baba?"

Mzee akainua shingo, akausikiliza uwanja wote, taratibu, kama mtu anayewahesabu wanawe.

"Kesho nao wanakuja," akasema.

Mashavu akamtazama mama yake. Bi Kindi alikuwa ameinamia kikaango cha vitumbua, machozi yanamtoka, na hakusingizia moshi. Mashavu akazitupa kamba, akakunja mikono ya nguo, akaanza kuchota unga.

Na Kiboko? Alikula mwisho siku ile, na siku zilizofuata. Alipewa sahani moja, kisha wakamwita karimu, wakamwongeza kitumbua.

Ngano imefika, niliyoibeba nimeitua. Nawe ukiondoka, ibebe usiitoboe.

Mafunzo yake, sikilizeni vizuri, maana nitayasema mara moja. Ukikaribishwa chakula, sema umeshiba, upite. Wewe unayekula, funga mlango. Na mji wenu ukifa, msihangaike na vikapu na sufuria. Undeni kamati, mpeni uenyekiti yule anayekula kuliko wote, kisha mngoje Kobe amalize kuzunguka.